Kioo Kilichomkataa Kagabo

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. La, si kumi na tisa. Kumi na tisa ile mashine ya zamani ilikuwa bado inanguruma pale dirishani na Kagabo akiikalia kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Wala haikuwa ishirini, wala ishirini na moja, maana miaka hiyo watu walijifungia majumbani na hakuna aliyetaka kanzu ya darizi ya kuvaa sebuleni. Basi tuseme ishirini na tatu. Barakoa zilikwisha kutupwa, Gisa alikwisha kuchumbia, na mama yake Gisa alikwisha kununua mashine ya kioo.

Mama yake Gisa ni Swafiya, mwenye chumba cha kushonea kule mtaa wa Nyamirambo, kwenye barabara ile ambayo kila mlango wa pili una cherehani. Chumba chenyewe si kikubwa. Mlangoni anakaa Audace, mshona suruali na mbadilisha zipu, Mkatoliki, aliyezaliwa na kukulia Bujumbura akaja huku na Kiswahili cha huko pamoja na masihara ya huko. Katikati ipo meza ya kukatia, hiyo ni ya Swafiya mwenyewe, na mkasi wake hauazimwi hata na mtu wa nyumbani. Dirishani, penye mwanga mzuri, ndipo mahali pa Kagabo, fundi wa darizi.

Kazi yake ilikuwa kutia nakshi kwenye kaba za kanzu, yaani pale shingoni na kushuka kifuani, na kwenye mashuka ya maharusi. Zamani alikuwa anatia hata kwenye mapazia ya majumba ya matajiri kule Kiyovu, akienda kwa miguu na mzigo kichwani, akirudi na salamu za wapishi. Babu yake alifika huku na biashara ya nguo akitokea pande za Tabora, akaoa, akazeeka, akazikwa hapahapa. Alichomwachia Kagabo ni dini ya Kiislamu, na Kiswahili, na kigurudumu kidogo cha zari ya fedha, uzi wa zamani uliosokotwa kwa fedha yenyewe, ambao Kagabo alikuwa anautunza ndani ya kopo la chai akingoja kazi ya kustahili.

Sasa ile mashine ya zamani. Ilikuwa chuma kitupu, nyeusi, rangi imebanduka pale mkono unapogusa. Pembeni kulikuwa na vitu vya kuzungusha, kila kimoja kina meno yake, na ukizungusha unasikia meno yanahesabu chini ya kidole: kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Chini ya meza ulining'inia mkono wa chuma, na huo ulikuwa unasukumwa kwa goti la kulia. Ukiusukuma kidogo, sindano inacheza kwa wembamba kama bua. Ukiusukuma zaidi, inatanuka na kujaza jani zima. Kwa hiyo mikono ya Kagabo ilikuwa inageuza kitambaa, mguu wa kushoto unakanyaga, goti la kulia linachora, na macho hayana kazi nyingine ila kuitazama sindano. Tena mdomo ulibaki huru. Alikuwa anaweza kutia ua kwenye kaba huku anamweleza mteja habari za mvua ya mwaka ule mwingine, na ua likatoka ua.

Siku mhimili wa ndani ulipopasuka, mtengenezaji alikuja, akaufungua, akaufunga, akashika tama kama mtu aliyefika msibani. Akasema kifaa hicho hakitengenezwi tena popote anapopajua. Wakaisogeza mashine kwenye kona, wakaifunika kitambaa, na kabla ya wiki kwisha tayari chupa ya chai ilikuwa imewekwa juu yake.

Ndipo ikaja mpya. Nyeupe, laini, haina kitu cha kuzungusha wala cha kusukuma, ila ubavuni kuna kioo chenye ukubwa wa kitabu cha shule. Binti mmoja wa dukani, Ingabire, alikuja kuwafundisha asubuhi nzima, na alifundisha vizuri, kwa upole, bila haraka. Akaonyesha maua yaliyolala ndani ya kioo, mamia ya maua, na mizabibu, na herufi za majina ya watu. Unagusa ua unalolitaka, linaamka. Unaligusa pembeni, linakua. Ukikosea, unagusa mshale mdogo na kosa linafutika kabla sindano haijashuka. Kagabo aliona uzuri wake, hakuwa mtu wa kununia kitu kwa sababu ni kigeni. Hasa alipenda namna ua lilivyokuzwa mpaka yeye, mwenye macho ya uzee, akaona hata mshipa wa jani. Alisema, katika maisha yake yote hakuwahi kuona mshipa wa jani lake mwenyewe.

Audace akagusa, kioo kikaitika. Swafiya akagusa, kikaitika. Kagabo akagusa.

Hakuna kitu. Akagusa tena, akabonyeza, akabonyeza kwa nguvu mpaka kucha ikawa nyeupe. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Ingabire akamshika mkono, akageuza vidole vyake na kuvitazama. Akamweleza kuwa kioo hiki hakisikii nguvu ya kubonyeza, kinasikia uhai ulio kwenye ngozi, ule unyevu na umeme mdogo wa mwili. Na vidole vya Kagabo, baada ya miaka yote ya pasi ya makaa na kuvuta uzi, vilikuwa vimekauka na kuwa kama pembe ya ng'ombe. Hakucheka. Alisema zipo kalamu za kugusia za watu wenye shida hiyo, dukani zimekwisha, ataagiza, lakini zitachelewa.

Mlangoni Audace akasema, "Usihuzunike, muzehe. Kioo kimeona uko mtu wa zamani, kinangoja kwanza utambulishwe."

Watu wakacheka, Kagabo naye akacheka. Lakini moyoni kulikuwa na jambo, na afadhali lisemwe hapa. Binti yake, Aidah, anakaa Busanza, kwenye zile nyumba mpya. Kwa muda mrefu alikuwa anamwomba baba yake aache kazi ahamie kwake apumzike, na alikwisha kumnunulia kiti cha kuegemea, akakiweka barazani, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Aidah ni mtoto mwema, Kagabo alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila kila alipokitazama kile kiti, mikono yake ilikuwa inamlemea kama mizigo ya mtu mwingine aliyeombwa aishike. Na Swafiya alikuwa amemwambia kwamba kanzu ya harusi ya Gisa lazima aidarizi yeye. Kanzu ya harusi ya marehemu mume wake aliitia nakshi Kagabo. Kanzu ya jando ya Gisa aliitia nakshi Kagabo. Hii ya tatu haiendi kwa mkono mwingine. Basi Kagabo akajiwekea ahadi bila kumwambia mtu. Akiweza kumaliza kanzu ya Gisa juu ya mashine hii, atabaki dirishani. Akishindwa, atavua futi yake ya kupimia iliyo shingoni, ataitundika msumarini, na atakwenda kukalia kiti cha Busanza kwa shukrani.

Siku za mwanzo alifanya kazi kwa vidole vya Audace. Kagabo alikuwa anaita, Audace, ongeza; Audace anaacha suruali, anakuja, anagusa, anarudi. Audace, punguza. Audace, simamisha, na mpaka Audace afike, sindano imekwisha kupita. Hata siku moja hakulalamika. Lakini Kagabo aliliona rundo la suruali linavyopanda pale mlangoni, na wenye suruali wanavyokuja na kuondoka mikono mitupu, na alijua mtu hawezi kukaa dirishani kwa kula mchana wa mwenzake.

Jioni alikuwa anapanda basi kwenda kumwamkia Aidah. Mlangoni kuna kile kijimashine cha kadi: unaigusisha kadi, kinalia, unapita. Hakijawahi kumkataa. Siku moja aliigusisha, kikalia, naye akasema ahsante, na abiria wa nyuma akadhani anaambiwa yeye, akaitika karibu mzee.

Sasa lile kosa. Ni kosa ambalo mwalimu hawezi kulifanya, wala karani, wala dereva. Ni la mtu aliyezeeka na sindano. Fundi yeyote, kabla ya kutia uzi tunduni, huulamba ncha. Hafikirii, ulimi unatoka wenyewe. Asubuhi moja Audace alikuwa ametumwa zipu, Swafiya yuko kwa mpishi wa harusi, na Kagabo peke yake mbele ya kioo na kanzu ya Gisa imebanwa kwenye fremu. Akakitazama kioo. Akalamba kidole kama anavyolamba uzi. Akagusa.

Ua likaamka.

Furaha iliyompata haina maelezo marefu. Akalamba tena, akagusa, sindano ikaanza. Ikashona bua, ikashona jani, nyeupe juu ya nyeupe, safi. Kwa kuwa kazi ilikwenda sawa, akafanya alichozoea kufanya: akainua uso kumwamkia jirani aliyekuwa anapita dirishani, wakaulizana hali, za nyumbani, za harusi. Mashine ya zamani ingemruhusu, maana habari zake zilikuwa zinamfikia kupitia gotini. Hii mpya habari zake zote ziko kwenye kioo, asiyetazama hapewi. Na pale kiooni, alama ya mate yake ilikuwa imebaki, tone dogo, likateleza kuelekea pembeni mwa ua. Kioo kikadhani ni kidole cha mtu mwenye uhai. Kikatii.

Alipogeuka, ua lilikuwa limekua kama bakuli. Lilikuwa limeiruka kaba na linapanda kuelekea begani. Akabonyeza pa kusimamisha, na kidole kilikuwa kimekwisha kukauka. Akabonyeza tena. Mwishowe akainama, akaushika waya pale ukutani na kuung'oa. Plagi haikuuliza ni vidole vya namna gani.

Swafiya aliporudi alimkuta amekaa na kanzu magotini. Kagabo alisimama, akamweleza yote, hakuficha mate wala jirani. Halafu akasema alichokuwa amekiahidi peke yake, kwamba imetosha, ataimalizia kaba hii kwa mkono, kisha atakwenda Busanza.

Swafiya akaichukua kanzu, akaipeleka kwenye mwanga, akalitazama lile ua kubwa la begani. Kisha akasema, "Baba Aidah, mimi ninamwoza mtoto, wewe umempandisha cheo. Sasa tumpeleke msikitini au kambini?"

Na Audace, aliyekuwa ameingia na zipu zake, akapiga saluti mbele ya kanzu.

Hawakumjibu habari ya Busanza. Swafiya alivuta kigoda upande huu, Audace akavuta upande ule, na wote watatu wakaanza kulifumua ua lile, uzi kwa uzi, na ncha za sindano, vichwa vimekaribiana kama watu wanaochambua mchele. Suruali zikangoja. Mteja akaingia, akaambiwa aje baadaye. Kufumua darizi ni kazi ya polepole kuliko kuitia, na matundu hubaki kwenye kitambaa. Unayalowanisha kidogo, unayasugua kwa ukucha, unapitisha pasi, yanajifunga. Mwanzoni Kagabo alifumua ameinamisha uso. Alipoona mkono wa Swafiya, ule usioazimisha mkasi, unavuta uzi wake wa makosa, akauinua. Hapo ndipo alipoinuka akaenda kuchukua lile kopo la chai.

Aliwaonyesha zari ya babu yake. Akasema kama ndiyo kanzu yake ya mwisho, basi na uzi huu uende nayo, hiyo ndiyo zawadi yake kwa Gisa. Haukuwa mwingi. Ungetosha kaba moja, si zaidi. Swafiya alishukuru, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na Kagabo akauzungusha uzi kwenye kidole cha shahada, mara nyingi, kwa kubana, kama wafanyavyo watu wa darizi ya mkono ili uzi usilegee. Halafu akanyoosha mkono kukisukuma kile kioo pembeni kimpishe mwanga, na kwa kuwa Audace alikwisha kurudisha plagi, kioo kilikuwa macho.

Ua likaamka.

Audace akasema, kwa sauti ya chini, "Muzehe, rudia."

Akarudia. Likakua. Akagusa pa kusimamisha, likasimama. Audace akakimbilia rafu, akaleta uzi wa dhahabu wa dukani, unaong'aa kuliko ule, akamzungushia kidole kingine. Kioo kikanyamaza kama hakuna mtu. Ule mpya ulikuwa plastiki iliyopakwa mng'ao. Ule wa babu ulikuwa fedha, na fedha ilibeba kile kidogo kilichobaki cha uhai wa ngozi yake ikakifikisha upande wa pili.

Sasa hapo palikuwa na jambo la kuamua, na kila mmoja aliliona. Uzi ni mmoja. Ukiingia kwenye kanzu, hautoki. Kagabo ndiye aliyeanza kuufungua kidoleni, akisema zawadi imekwisha kutolewa, hairudi.

Swafiya akamshika kifundo cha mkono. "Mwanangu ataoa na uzi wa dukani," akasema. "Wasichana wa upande wa bibi harusi hawatamkataa kwa hilo. Huu ukae kidoleni mwako, Baba Aidah, na wewe ukae dirishani."

Kisha akafanya jambo ambalo Kagabo analisimulia mpaka leo kwa yeyote anayekaa naye kwa muda wa kikombe cha chai. Alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki alipokata kanzu ya mwanawe, akapima kidole cha Kagabo kwa futi kama anavyopima kifua cha bwana harusi, akakata, akashona kikofia kidogo, kastabini ya nguo, na ncha yake akaijaza zari ya fedha ndani na nje, mshono juu ya mshono, mpaka uzi wote wa babu ukaisha. Alikuwa hajashona kwa mkono muda mrefu. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Audace alikuwa anashika taa ya simu ingawa mwanga ulikuwepo.

Kagabo aliivaa, akageukia kioo, na kanzu ya Gisa akaimaliza yeye, kutoka bua la kwanza hadi jani la mwisho. Alijifunza kutoangalia dirishani wakati sindano inakwenda. Salamu za jirani akawa anaziitikia bila kuinua uso, na jirani akaelewa. Siku ya harusi Gisa alipita katikati ya watu na kaba yake nyeupe juu ya nyeupe. Begani hapakuonekana kitu, ila ukijua pa kutazama, na Kagabo alijua. Aidah alikaa karibu na baba yake, akaiona ile kastabini mfukoni mwa kanzu yake, imefungwa ndani ya leso. Akaelezwa. Akasema kile kiti kinaweza kungoja, ila Jumapili ni zake. Basi Jumapili Kagabo anakikalia, na ni kiti kizuri, hasemi uongo.

Kalamu ya Ingabire nayo ilifika baadaye, na inafanya kazi, naye alimshukuru sana binti wa watu kwa kukumbuka. Iko kwenye droo. Kalamu inataka mkono mzima kuishika. Kastabini inamwachia mkono wake.

Kila usiku anapokwenda kulala anawataja katika dua, Swafiya kwanza, kisha Audace kwa jina lake la Kikristo hivyo hivyo, maana anaamini litaeleweka. Na kioo anakisifu. Kinamwonyesha mishipa ya majani, kinafuta makosa, na kwa kidole chenye kofia kinamtii kama mtoto wa mtu.

Kuna kitu kimoja tu. Anapoketi mbele ya mashine mpya na sindano inapofika mahali pa kujaza jani, goti lake la kulia linasogea. Linakwenda pembeni, linatafuta ule mkono wa chuma, halikuti kitu, linarudi. Linafanya hivyo kila jani, siku nzima, na yeye hajalituma. Alimuuliza Audace, Audace akalitazama goti, akarudi kwenye suruali zake. Alimuuliza Swafiya, akamimina chai kutoka kwenye chupa iliyo juu ya mashine ya zamani. Alimuuliza na Ingabire, siku ile alipoleta kalamu, akatabasamu na kusema ni swali zuri, mzee, kisha akaenda zake.

Kidole kilishonewa kofia yake; na hili goti, lenye kujua maua yote yale, litagusa wapi?